Sebule Ina Vigae, Beseni la Jikoni Limeshonwa

Nyumba mpya za matofali ya kuchoma zinazosimama Kabambare na Kasongo siku hizi zinapendeza ukizitazama kutoka barabarani. Bati ni jipya, baraza limepigwa saruji, mlango umepakwa rangi, na mwenye uwezo ameweka vigae sebuleni na makochi yenye vitambaa. Zunguka nyuma. Huko utamkuta mama mwenye nyumba ameinama, kichwa chini ya kiuno, anasugua sufuria kwenye beseni la plastiki lililowekwa juu ya udongo mtupu. Beseni limepasuka na kushonwa: msumari uliotiwa moto umetoboa matundu pande zote mbili za ufa, waya mwembamba umepitishwa humo, kisha kipande cha kidumu kikuukuu kikayeyushiwa juu ili maji yasivuje. Yanavuja vilevile.

Nimeona mabeseni ya namna hiyo kwa mwalimu, kwa mfanyabiashara wa mchele, na Salamabila kwa watu ambao dhahabu hupita mikononi mwao kila juma. Kwa hiyo umaskini haujibu swali lote. Aliyenunua vigae alikuwa na fedha ya kujenga mahali pa kuoshea vyombo. Hakukumbuka tu, au hakuona kuwa hilo nalo ni jambo la kujengwa. Maoni yangu ni haya: katika nyumba inayopikia watu wengi kila siku, mahali pa kuoshea vyombo pajengwe kabla ya vigae vya sebule. Na hapa kwetu, sinki linalodumu ni la saruji na matofali, lililojengwa kwa kipimo cha sufuria za nyumba hiyo na kwa kimo cha mtu anayeosha. Sinki la chuma linalong'aa kwenye picha za simu lina mahali pake, nitalifikia. Ila lisiwe ndoto ya kutufanya tusubiri miaka kumi tukiwa tumeinama.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeugeuza msemo huo. Mgeni anakuja, anakaa kwenye kochi, anakula katika sahani safi, na mwenyeji anabaki na mgongo wake.

Mzigo wa jiko letu

Wanaotengeneza masinki ya madukani wana picha ya vikombe vya chai na sahani tatu. Jiko la Kabambare lina mambo mengine. Ugali wa muhogo unagandamana na sufuria na mwiko. Sombe, yaani majani ya muhogo, lazima lioshwe mchanga kabla ya kuingia kinuni, na likishapikwa kwa mawese linaacha utando mwekundu unaokataa maji baridi. Wali, na Maniema ni nchi ya mpunga tangu enzi za Tippu Tip na Waungwana wake, unaacha ukoko unaotaka kulowekwa usiku kucha. Makayabo, samaki wetu wa chumvi, yanaingia majini jioni ili chumvi itoke. Kisha kuna masizi: tunapika kwa kuni juu ya mafiga, na sufuria hudai kazi zaidi upande wa nje kuliko wa ndani. (Mama zetu walijua kupaka udongo mbichi au majivu yaliyolowa nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, masizi yakatoka pamoja na udongo wake. Mabinti wengi wameiacha desturi hiyo, sijui nani aliwaambia ni ushamba.)

Tena sufuria zenyewe. Zile za kuyeyusha, ambazo mafundi wetu huzitengeneza kwa aluminiamu chakavu, ni nene na nzito. Siku ya kawaida, nyumba ya watu wanane au kumi ina sufuria mbili kubwa za kuosha. Siku ya kilio au ya ndoa inaazimwa sufuria ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kukaa ndani. Ni sinki gani la dukani litakaloipokea? Ikidondoka kwenye beseni la plastiki, ufa unaanzia hapo. Ukimimina humo maji yanayochemka, plastiki inalegea, na jua la nyuma ya nyumba linaikausha mpaka inameguka kwa kugusa.

Halafu maji. Bomba ndani ya nyumba ni jambo la wachache. Wengi tunachota kisimani, kwenye chemchemi, au mtoni kwa walio karibu na Luama. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada, huhesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Nyumba ya watu wanane inahitaji basi lita 120, yaani vidumu sita vya lita 20, na kila kimoja kimebebwa kichwani au kusukumwa kwenye baiskeli. Beseni linalovuja linamwaga chini kazi ya mtoto wa kike aliyeamka alfajiri. Nani anamlipa?

Chuma kinachong'aa

Nisimwonee muuza masinki. Chuma kisichoshika kutu ni uvumbuzi mkubwa. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza mwaka 1913, na siri yake ni kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayojenga ngozi nyembamba juu ya chuma. Ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudishia yenyewe. Aliye na bomba au tangi la maji lililoinuliwa, awe Kasongo mjini, Kindu au Bukavu, anaweza kununua sinki la chuma na likamtumikia miaka mingi. Ajue tu anachonunua.

Unene kwanza. Bonyeza sakafu ya sinki katikati kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi kwa mlio wa debe, liache dukani. Masinki mengi ya bei ndogo yana unene usiofika milimita moja. Kwa sufuria zetu tafuta milimita 1.2 au zaidi. Chuma kizuri cha jikoni ni kile wauzaji wanachokiita 304, chenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli 8. Watu hupima kwa sumaku, kwamba isiposhika basi ni chuma bora. Ni kipimo cha nusu: kuna chuma cha bei ya chini, 201, nacho hakishikwi na sumaku, lakini kinaota madoa mapema. Chagua bakuli moja kubwa, uache yale mawili madogo kwa wenye vikombe. Na uende dukani na kamba uliyoipima kwenye sufuria yako kubwa kuliko zote. Wengi huchagua sinki kwa macho, wakifika nyumbani sufuria inaishia kukaa juu ya kingo.

Hata hicho chuma bora kina maadui jikoni kwetu. Chumvi ya makayabo ikilala humo usiku kucha huacha vitobo vidogo vya kutu. Maji ya javel, tuliyoyazoea kwenye kampeni za kipindupindu, hufanya vivyo hivyo yasiposuuzwa. Na nyuzi za chuma za kusugulia huacha chembe za chuma cha kawaida; chembe hizo zinaota kutu kesho yake, mtu akalaumu sinki.

Yapo pia mabeseni ya enameli, meupe yenye ukingo wa buluu, ambayo bibi zetu walipewa siku ya ndoa. Kwa unga na maji ya kunawa hayana mfano. Kwa sufuria nzito, hapana: enameli ikimeguka mahali pamoja, kutu inaingia chini yake na haitoki tena.

Ila kwa Kabambare kasoro kubwa ya sinki la chuma ni umbali. Bakuli huwa la mwisho kuharibika. Kinachotangulia ni kizibo, mpira wa chini, nati ya plastiki inayoshika bomba. Kimoja kikivunjika, unatuma mtu Bukavu, Uvira au Kalemie, kwa barabara ambazo msimu wa mvua hulilaza lori njiani siku nyingi. Akifika dukani anaulizwa kipimo, na hakuna aliyempa. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kazi ya fundi wa mtaani

Wapo wanaoliona sinki la saruji kuwa jambo la kimaskini. Ubelgiji kwenyewe, nchi iliyotutawala, majiko ya zamani yalikuwa na masinki ya granito na ya jiwe la buluu. Granito ni nini? Ni saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru, ikasuguliwa hadi ing'ae. Sisi tuna kokoto za mto, tuna mchanga, tuna matofali tunayoyachoma wenyewe. Kinachokosekana ni saruji, na hiyo, iwe imetoka kiwanda cha Kabimba upande wa Kalemie au nje ya nchi, inafika hapa ikiwa imebeba gharama zote za njiani. Ndiyo maana itumiwe kwa hesabu.

Hesabu yenyewe haitishi. Nguzo mbili za matofali zinaweza kujengwa kwa udongo na kupigwa saruji nje tu. Juu yake bamba la zege lenye nondo chache, urefu wa mita moja na kitu, upana sentimita 60. Upande mmoja linakaa bakuli, upande wa pili panabaki tambarare pa kuweka vilivyooshwa. Plasta ya ndani iwe kipimo kimoja cha saruji kwa vitatu vya mchanga uliochekechwa, na ya mwisho iwe saruji tupu iliyokorogwa kwa maji, isuguliwe kwa mwiko wa chuma mpaka kidole kiteleze. Pembe ziwe za mviringo, kwa kuwa kwenye pembe kali ndiko wali unakojificha na kuoza. Sakafu iinamie tundu. Mifuko miwili ya kilo 50 inatosha kazi hiyo.

Kisha subira, na hapa tunashindwa wengi. Saruji inatakiwa ikomae chini ya magunia mabichi, ikinyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba kwa uchache. Nguvu yake huhesabiwa kukamilika baada ya siku 28. Nimeona masinki yaliyotiwa sufuria siku ya tatu kwa sababu kulikuwa na harusi. Yalipasuka kabla ya harusi nyingine, na mwenye nyumba akasema fundi aliiba saruji. Labda aliiba kweli. Lakini sinki pia lilinyimwa maji.

Sinki la saruji lina kasoro zake, nisifiche. Glasi ikianguka humo haitoki nzima. Dawa yake ni kuweka beseni la plastiki ndani ya bakuli unapoosha vyombo vyepesi, na hapo hata beseni linadumu kwa kuwa limekaa mahali palipo sawa. Asidi inaila saruji: ndimu, siki, na hasa maji ya muhogo uliolowekwa siku tatu au nne. Muhogo una chombo chake, usilowekwe kwenye sinki la vyombo hata siku moja, maana maji yake yana sumu. Baada ya miaka michache uso wa ndani utachakaa na kutaka kupigwa saruji upya. Kazi hiyo ataifanya fundi wa mtaa wa pili, mchana mmoja, kwa bakuli la saruji iliyobaki mahali. Sinki la chuma lililotoboka nani atalishona hapa?

Neno moja kuhusu mapipa. Kuna wanaoyakata kuwa makarai ya kuoshea vyombo. Pipa lililobeba mawese, sawa. Pipa ambalo hujui lilibeba nini, hasa katika eneo la machimbo kama Namoya, lisikaribie sahani ya mtoto hata likioshwa mara saba.

Maji machafu yanakwenda wapi?

Siri ya mtungi aijuaye kata, na ya sinki iko kwenye bomba lake. Mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi. Mafuta yaliyoteremka laini pamoja na maji ya moto yanafika kwenye bomba lililofukiwa ardhini, yanapoa, yanashika ukuta wa ndani; punje za wali nazo zinanasa kwenye mafuta; baada ya miezi tundu lililobaki ni la kupitisha kidole. Watu humwaga maji yanayochemka, wakadhani wamezibua. Mafuta yameyeyuka na kuganda tena mita mbili mbele.

Njia nzuri ni kuyazuia mafuta yasifike huko. Sufuria ifutwe kwanza kwa jani la mgomba au isuguliwe kwa majivu kabla ya kuonja maji. Bomba liwe pana, milimita 50 au zaidi, fupi na lenye mteremko. Mwishoni pake pawekwe ndoo kuukuu yenye matundu chini, imejazwa changarawe na majani makavu, maji yapite humo kwanza. Majani yatakamata mafuta na mabaki. Yabadilishwe kila juma, yatupwe kwenye shimo la taka. Atakayeifungua ndoo hiyo baada ya juma la kwanza ataona kilichokuwa kinaingia kwenye bomba lake, na sidhani atauliza tena kwa nini.

Kutoka hapo maji yaende kwenye shimo la kufyonza, mita moja kwenda chini na mita moja upana, limejaa mawe na vipande vya matofali, limefunikwa, mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Bila shimo, sinki zuri linatengeneza dimbwi zuri. Bata wanaogelea, mbu wanazaa, mtoto anayetambaa anafika.

Programu ya Vijiji na Shule Safi, iliyoendeshwa na serikali kwa msaada wa UNICEF, ilisisitiza choo, shimo la taka na kunawa mikono, na ilifanya vema. Lakini kipindupindu, ambacho tangu mwisho wa miaka ya 1970 kimekuwa kikirudi mashariki mwa Kongo, hakina njia moja. Nyumba ngapi zinasuuza sahani ya ishirini katika maji yaleyale yaliyosuuza ya kwanza? Si uchafu wa mtu, ni maji machache na beseni moja. Ndoo yenye bomba dogo, ikiwekwa kwenye rafu juu ya sinki, inasuuza kila sahani kwa maji mapya, na kichanja cha miti pembeni kinaianika juani badala ya kuifuta kwa kitambaa kilichofuta mikono ya kila mtu.

Na tukikimbia?

Mzee mmoja aliponisikia nikiyasema haya aliniuliza: "Mwanangu, mtu akikimbia anabeba sinki?"

Ni swali la mtu aliyeishi Kabambare. Eneo letu limepokea waliokimbia Fizi, na Salamabila imesikia risasi mara nyingi mno. Familia inapokimbia inachukua watoto, godoro, sufuria moja na beseni. Beseni la plastiki ni jepesi, linabeba nguo kichwani na njiani linaogeshea mtoto. Sina cha kumpinga mzee hapo, na beseni moja zima lisikose katika nyumba yoyote.

Ila swali hilo mbona halijaulizwa kwa vigae? Makochi nayo yanakimbia? Tunajenga sebule kwa matumaini ya kukaa, tukifika jikoni tunakumbuka vita. Tena nyumba iliyoachwa peke yake huporwa bati, mlango na kila kinachofunguka kwa bisibisi. Sinki la chuma lingeondoka siku ya kwanza. La saruji nani atalibeba?

Nani anampa fundi kipimo?

Fundi anapokea maagizo kwa anayelipa, na mara nyingi anayelipa ni papa wa nyumba, ambaye hajawahi kuosha sufuria ya kilio. Anasema jenga hapo, fundi anajenga kwa kimo chake mwenyewe au kwa kimo cha sinki aliloliona kwingine. Kasongo nilimsikia mama mmoja akimsimamisha fundi aliyekwisha kupanga matofali.

"Mama, nimeweka sawa na lile la misheni," fundi alimwambia.

"Mwanangu, lile walijengewa Wazungu. Mimi unaniona. Shusha tofali moja."

Alishusha. Na yule mama alikuwa na haki kabisa, kwa sababu kipimo kiko mwilini mwa mwoshaji: asimame wima, ateremshe mikono, ngumi zake ziguse sakafu ya bakuli bila kukunja mgongo. Kwa wengi ukingo wa juu utaangukia kati ya sentimita 85 na 90. Msichana anayemsaidia mama yake awekewe tofali la kukanyagia.

Fedha itatoka wapi? Nawatazama akina mama wa likelemba. Wanatoa kila mwezi, na anayepokea zamu hununua sufuria, vitenge na mabeseni, na mabeseni hayo yatakuwa yameshonwa kabla zamu haijarudi. Harusini ni vilevile: bibi harusi anabebewa mabeseni kumi ya rangi zote, wala hakuna anayemletea mfuko wa saruji. Kikundi cha akina mama kumi na wawili kikikubaliana kuwa kila zamu ni mifuko miwili na malipo ya fundi, mwaka ukiisha wote wana mahali pa kusimama na kuosha. Aanze mwenye watoto wengi na kisima cha mbali. Kadiri michango inavyoruhusu, saruji inunuliwe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, barabara zikipitika, na igawanywe mapema katika nyumba zenye sakafu kavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfuko unaosubiri mvua juu ya udongo huwa jiwe kabla fundi hajaufungua.